MALCOLM X: KIJANA WA OMAHA ALIYEJIFUNZA UDUGU MAKKA

Ramadhan imetufikia tena, alhamdulillahi. Huu ndio mwezi ambao sote twajipanga safu moja usiku katika Tarawehe, bega kwa bega, tajiri na maskini, mweusi na mweupe, wa pwani na wa bara. Lakini hebu tuulizane kwa ukweli. Imamu akishatoa salamu na watu wakatafuta viatu vyao mlangoni, je, ule udugu twaondoka nao, ama twauacha pale pale juu ya mkeka?

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yatatusaidia kulijibu swali hili. Jina lake walijua. Picha yake, ile ya miwani na kidole kwenye shavu, umeiona kwenye fulana na huenda hata ubavuni mwa matatu. Wengi twamjua kwa picha tu. Leo kaa chini kidogo, futari bado, nikusimulie habari za Malcolm X, ambaye alikufa akiitwa al-Hajj Malik el-Shabazz.

NCHI MOJA, SURA MBILI

Kwanza lazima uielewe nchi aliyozaliwa. Wakati ule Marekani ilikuwa na sura mbili kuhusu mtu mweusi. Kusini, katika majimbo kama Mississippi, Alabama na Georgia, ubaguzi ulikuwa umeandikwa katika sheria. Mabango yalikuwepo wazi: mlango huu wa weupe, bomba hili la maji la weusi. Basi moja, viti mbali mbali. Shule mbali mbali. Kura nayo, mtu mweusi alizuiwa kwa mitihani na kodi zilizotungwa makusudi ashindwe. Hata kufikia mwaka 1964, huko Mississippi weusi waliokuwa wamesajiliwa kupiga kura walikuwa chini ya asilimia 7 ya wale waliostahili.

Kaskazini, katika miji kama New York, Boston, Detroit na Chicago, mabango hayo hukuyaona. Watu wa kaskazini walijiona wao ni wastaarabu, wakawanyooshea kidole wenzao wa kusini. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1910 hadi 1970, karibu watu weusi milioni 6 walifunga virago wakahama kusini kwenda kutafuta maisha kaskazini na magharibi.

Walipofika waliona nini? Hapo ndipo kisa cha Malcolm kinapoanza.

NYUMBA ILIYOCHOMWA MOTO

Malcolm Little alizaliwa tarehe 19 Mei 1925 katika mji wa Omaha, jimbo la Nebraska. Omaha si kusini, iko katikati ya nchi kuelekea kaskazini. Lakini miaka 6 tu kabla hajazaliwa, mwezi Septemba 1919, umati wa wazungu ulivamia mahakama ya mji huo, ukamtoa mtu mweusi aitwaye Will Brown, ukamuua na kuuchoma mwili wake hadharani.

Baba yake, Earl Little, alikuwa mtu wa Georgia, mhubiri wa Kibaptisti na mfuasi wa Marcus Garvey, yule Mjamaika aliyewafundisha weusi wajitegemee na waijali Afrika. Mama yake, Louise, alizaliwa kisiwa cha Grenada. Baba yake Louise alikuwa mzungu, na kwa hivyo Louise alikuwa mweupe wa ngozi. Malcolm akachukua rangi hiyo, na nywele zake zilikuwa na wekundu. Kwa maelezo yake mwenyewe, wafuasi wa Ku Klux Klan walikuja usiku kuitishia familia hii mama akiwa na mimba yake.

Familia ikahama, kwanza Milwaukee, kisha Lansing katika jimbo la Michigan. Michigan imepakana na Kanada, huko ni kaskazini hasa! Baba akanunua nyumba. Kumbe hati ya kiwanja ilikuwa na sharti kwamba mahali pale hapaishi mtu ila mzungu. Majirani wakaenda mahakamani, na mahakama ikawaunga mkono. Kabla hawajatolewa, usiku mmoja wa Novemba 1929 nyumba ikawaka moto na familia ikatoka mbio na nguo za kulalia. Polisi walipokuja, walimshuku nani? Baba mwenyewe, eti ndiye aliyechoma!

Unaona sasa ndugu msomaji? Kule kusini bango la kumkataza mtu lilitundikwa mlangoni. Huku kaskazini liliandikwa ndani ya hati ya nyumba, likafungiwa kwenye kabati la wakili. Maandishi ni yale yale.

Mwaka 1931 baba alikutwa amekatwa na tramu. Serikali ikaandika ajali. Mama aliamini kwamba aliuawa na wazungu wenye chuki. Malcolm alikuwa na miaka 6. Mama akabaki na watoto 7 katika miaka ya njaa, akihangaika na kazi za nyumba za watu. Mara nyingine aliajiriwa kwa kudhaniwa mzungu, na siri ikifichuka alifukuzwa siku hiyo hiyo. Mwisho akili zikamzidi, na mwaka 1939 akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Akakaa huko zaidi ya miaka 20. Watoto wakatawanywa kwa watu.

UBAGUZI WA TABASAMU

Malcolm akapelekwa Mason, mji mdogo karibu na Lansing, akae katika nyumba ya watoto iliyosimamiwa na mzungu na mkewe. Sasa hapa usome polepole, maana hii ndiyo sehemu inayotugusa zaidi sisi.

Watu hawa hawakumpiga wala hawakumnyima chakula. Walimpenda kabisa. Lakini waliwazungumzia watu weusi kwa dharau, kwa lile jina la matusi, naye amekaa pale pale anasikia, kana kwamba ni kiti. Baadaye alieleza kuwa walimpenda vile mtu anavyompenda kipenzi cha nyumbani, mbwa ama ndege wa tunduni.

Shuleni alikuwa kati ya wanafunzi bora, na wenzake wazungu wakamchagua awe kiongozi wa darasa. Siku moja mwalimu, ambaye Malcolm alimheshimu na aliyemtakia mema, alimuuliza angependa kuwa nani maishani. Malcolm akajibu wakili. Mwalimu akamwambia kwa upole tu kwamba hiyo si kazi ya mtu kama yeye, afadhali awe seremala, kwa vile mikono yake ni mizuri na watu wangempa kazi. Wenzake wazungu, ambao alama zao zilikuwa chini yake, wote walitiwa moyo wafuate walichotaka.

Useremala ni kazi ya heshima, wallahi. Nabii Nuh (A.S.) alijenga jahazi kwa mikono yake. Kilichomuumiza Malcolm ni kwamba mlango ulifungwa kwa sababu ya rangi, na aliyeufunga alikuwa anatabasamu. Moyo wake ukakatika na masomo.

BOSTON NA HARLEM

Mwaka 1941 akaenda Boston kukaa na Ella, dada yake kwa baba. Boston ilikuwa na sifa kubwa ya kupigania uhuru wa watumwa zamani. Malcolm alikuta nini? Alikuta weusi wa mtaa wa juu, waliojiona waungwana, wakiwadharau weusi wenzao maskini na waliotoka kusini juzi. Wengi wa hao waungwana kazi zao zilikuwa kufagia mabenki na kuwapikia wazungu, lakini walitembea kifua mbele kana kwamba benki ni yao. Kwa hivyo ule ugonjwa ulikuwa umevuka, umewaingia hata wanaobaguliwa.

Naye ukamwingia. Alijipaka kichwani dawa kali, inachoma hadi machozi yatoke, ili nywele zilale kama za mzungu. Baadaye katika maisha yake alilitaja jambo hilo kuwa hatua yake kubwa ya kwanza ya kujidharau. Dada yangu unayenunua mafuta ya kujichubua, na wewe kaka unayesema wamtafuta mchumba lakini asiwe mweusi sana, hapo mpo?

Alisafisha viatu, akauza vitafunio kwenye treni, akaingia Harlem, New York, na huko akazama katika bangi, kamari na wizi. Mwaka 1946, akiwa na miaka 20, alihukumiwa kifungo cha miaka 8 hadi 10 kwa kuvunja nyumba Boston.

GEREZANI

Jela aliingia mtu asiyeweza kuandika barua ikasomeka vizuri. Alinakili kamusi kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa. Taa zikizimwa usiku alikaa sakafuni kwenye mwanga mdogo wa ukumbini akisoma historia na falsafa. Vijana, mnaosema hakuna nafasi ya kusoma, mwanga wa Malcolm ulitoka ukumbini.

Huko ndiko ndugu zake walimletea habari za Nation of Islam, kikundi cha Elijah Muhammad. Tuseme ukweli: mafunzo ya kikundi kile yalikuwa mbali na Uislamu wa Mtume wetu (S.A.W.). Kiliwafundisha watu kwamba mzungu ni shetani kwa kuumbwa kwake. Lakini pia kilimtoa katika ulevi, nguruwe na zinaa, na kilimpa heshima. Akaacha jina la Little, alilosema ni la mabwana wa watumwa, akatia herufi X mahali pa jina la asili lililopotea.

Alitoka mwaka 1952. Mwaka 1954 akapewa kuongoza hekalu la Harlem. Mwaka 1958 akamuoa Betty, na Mungu akawajaalia mabinti 6. Na hapa ulimi wake ukawa maarufu dunia nzima. Wazungu wa kaskazini walipomsikiliza wakitarajia awalaani watu wa Mississippi, yeye aliwageuzia kibao. Aliwaambia kwamba kusini yaanzia mpaka wa Kanada, yaani ukishaingia Marekani tu, umeshafika kusini.

Walimwita mchochezi. Lakini hesabu mwenyewe. Mabenki ya kaskazini hayakutoa mikopo ya nyumba katika mitaa ya weusi, kwa kuwa tangu miaka ya 1930 ramani za mikopo zilichora mitaa hiyo kwa rangi nyekundu. Kwa vile mitaa ilitengwa, shule nazo zikatengwa bila sheria yoyote kusema hivyo. Tarehe 3 Februari 1964, watoto zaidi ya 400,000 wa New York, mji wa kaskazini, waligoma kwenda shule kupinga hali hiyo. Na mwaka 1966 Martin Luther King, aliyepigwa na kufungwa kusini miaka na miaka, aliandamana Chicago kudai haki ya makazi akapigwa jiwe kichwani. Alikiri kwamba chuki aliyoiona pale hajaiona hata Mississippi na Alabama. Malcolm alikuwa amekwisha kufa, lakini maneno yake yalikuwa yamethibitika.

SAHANI MOJA

Mwezi Machi 1964 alijitoa katika Nation of Islam. Mwezi Aprili, kwa pesa alizopewa na dada yake Ella, akaenda Hija.

Alipofika Jeddah alizuiliwa uwanja wa ndege, maafisa wakitaka kuhakikisha kama kweli ni Muislamu. Huyu aliyejulikana Marekani nzima kuwa kiongozi wa Waislamu alikuwa hajui kuswali sawasawa! Ilibidi afundishwe, na viungo vikamuuma kwa kikao cha tahiyatu ambacho hakukizoea. Hakuona aibu. Alijifunza kama mtoto wa madrasa.

Kisha akavaa ihramu. Akatufu, akasai, akasimama Arafa. Akala sahani moja, akanywa glasi moja na kulala zulia moja na watu ambao kule kwao Omaha angewaita wazungu, wenye macho ya buluu na nywele za dhahabu, nao wakimwita ndugu bila ya tabasamu la Mason. Maishani mwake alikuwa ameona mzungu anayechoma nyumba na mzungu anayempapasa kichwa kama kipenzi. Huyu wa tatu, anayekula naye na asijali, hakuwahi kumuona.

Akaandika barua kwa wenzake New York, akatangaza wazi kwamba amelazimika kuyapanga upya mawazo yake na kutupa mengine. Fikiria uzito wake. Mtu amejenga jina kwa miaka 12 akihubiri jambo fulani, kila mtu anamjua kwa jambo hilo, halafu anasimama mbele ya dunia na kusema jambo lile halikuwa sawa. Wangapi kati yetu twaweza?

Lakini usimwelewe vibaya. Hakurudi na kusema mambo Marekani ni shwari. Aliendelea kuukemea ubaguzi vile vile. Kilichobadilika ni kwamba sasa alimpima mtu kwa matendo yake, akaiacha rangi.

ALIFIKA HATA KWETU

Mwaka huo huo, mwezi Oktoba 1964, alikuja Afrika Mashariki. Dar es Salaam alikutana na Mwalimu Nyerere, akiwa pamoja na Abdulrahman Babu wa Zanzibar. Nairobi alikutana na Mzee Kenyatta na Jaramogi Oginga Odinga. Kenya haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja wa uhuru. Nairobi aliyoiona ilikuwa imepangwa na mkoloni kwa rangi: Muthaiga na Karen za wazungu, Parklands na Ngara za Wahindi, Pumwani na Kaloleni za Waafrika. Nadhani mtoto wa Lansing hakuhitaji kuelezwa sana.

Siku zake zilikuwa zimehesabika. Februari 1965 alikwenda kusini hasa, Selma katika jimbo la Alabama, ambako King alikuwa jela kwa kudai kura. Alizungumza na vijana kanisani, akamhakikishia mke wa King kwamba hakuja kumharibia mumewe kazi. Tarehe 14 Februari nyumba yake New York ilirushiwa mabomu ya petroli usiku, yeye, mkewe na mabinti wanne wakiwa ndani. Mtoto wa Lansing aliyetoka mbio motoni mwaka 1929 sasa alikuwa akiwatoa watoto wake mwenyewe.

Wiki moja baadaye, tarehe 21 Februari 1965, alipigwa risasi jukwaani New York, mbele ya mkewe na watoto. Alikuwa na miaka 39. Mwili wake ulioshwa na kukafiniwa Kiislamu na sheikh kutoka Sudan. Watu watatu walifungwa. Wawili kati yao walikuwa hawana hatia, na ilichukua hadi Novemba 2021 mahakama kuwasafisha majina. Mmoja wao alikuwa ameshafariki. Hapa kwetu, siku tatu tu baada ya Malcolm, Pio Gama Pinto naye aliuawa kwa risasi Nairobi.

SASA TUJE KWETU

Ndugu msomaji, rahisi sana kusoma haya na kutikisa kichwa, tukasema maskini Wamarekani. Ndivyo walivyofanya wa kaskazini: waliangalia kusini wakajiona wasafi.

Sisi je? Hatuna mabango milangoni. Surat al-Hujurat twaihifadhi, yatufundisha kwamba tuliumbwa makabila ili tujuane na mbora ni mchaji. Habari za Bilal (R.A.) twazisimulia kila mwaka. Lakini kijana mwenye dini na kazi akienda kuposa, aulizwa kwanza wewe ni wa wapi, na wazee wakisikia ni mbara, ama ni mweusi mno, ama kabila fulani, posa yarudishwa kwa upole na chai ya tangawizi. Huyo ni yule mwalimu wa Mason. Majimbo 16 ya Marekani yalikataza kwa sheria weusi na weupe kuoana hadi mahakama ilipofuta mwaka 1967. Sisi hatuhitaji sheria, mila yatutosha!

Na yule aliyesilimu juzi, tunampokea kwa takbira siku ya shahada, halafu miaka 10 baadaye bado twamtambulisha kama aliyesilimu. Na Wasomali wa Kenya mwaka 1989 walipopangwa foleni kupigwa msasa na kupewa kadi maalum nchini mwao wenyewe, ni Waislamu wangapi wa makabila mengine waliopaza sauti? Kila mmoja wetu ana kusini yake anayoinyooshea kidole, na ana kaskazini yake anayoificha.

Basi Ramadhan hii tufanye jambo dogo la vitendo. Usiku mmoja, futuru na mtu ambaye nyumbani kwenu hajawahi kukaribishwa. Asile sahani ya mgeni pembeni. Weka sinia moja, mkono wake na wako zikutane ndani ya wali. Na wewe mzazi, posa ikija mwezi wa Shawwal, anza kuuliza swala na tabia, kabila liulize mwisho, ama usiliulize kabisa.

Mwenyezi Mungu amrehemu al-Hajj Malik el-Shabazz, azitakase nyoyo zetu na kibri cha rangi na nasaba, na atukubalie funga zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.